Kufufua Ibada ya Miungu ya Ugiriki ya Kale: Mwongozo wa Kuanzia Nyumbani

Tarehe 8 Novemba 392 Mfalme Theodosius wa Kwanza wa Dola ya Roma alitoa sheria ambayo haikukomea kwenye uchinjaji wa wanyama mahekaluni, bali ilipiga marufuku pia kuwasha moto, kumimina divai na kufukiza ubani kwa ajili ya miungu ya nyumbani, na hata kufunga utepe kwenye mti. Anayetaka kuirudisha dini ya Wagiriki wa kale iwe njia yake ya kiroho leo afikirie kwa nini mtawala wa dola kubwa namna ile alijishughulisha na chetezo cha mtu binafsi. Dini hiyo haikukaa hekaluni tu. Ilikaa jikoni, mlangoni na ghalani. Mahekalu yamebaki magofu chini ya ulinzi wa idara ya mambo ya kale, lakini moto, kinywaji na ubani vinapatikana bado, na ndivyo vya kuanza navyo.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya aliyekwisha kuamua kuifuata njia hii, na pia kwa ajili ya anayetaka tu kufahamu kwamba wanaoifuata, huko Ugiriki na kwingineko, hasa hufanya nini. Hauingii katika mjadala wa kuwapo au kutokuwapo kwa miungu yenyewe. Wagiriki wa kale hawakuwa na kitabu kimoja kitakatifu wala kanuni ya imani ya kukariri. Walichoulizana ni nani kapewa nini, siku gani na kwa utaratibu upi. Kwa hiyo mtu anaweza kuanza kutenda kabla hajamaliza kujibu maswali yake, na kwa maoni yangu huo ndio mwanzo bora kuliko miezi mingi ya kujitafutia jina la kujiita.

Hatua ya kwanza: Tenganisha cha kale na kiraka

Nunua daftari, ugawe kila ukurasa sehemu mbili. Upande mmoja andika desturi zilizo na ushahidi wa kale, na upande wa pili zile zilizobuniwa au kukisiwa na watu wa zama hizi. Ushahidi wa kale ni mwingi kuliko watu wanavyodhani: mashairi ya Homer na ya Hesiod, tenzi 33 zinazoitwa za Homer, tenzi 87 za Orpheus ambazo nyingi zinataja hata aina ya ubani wa kufukizwa, maelezo ya msafiri Pausanias wa karne ya 2 BK, na sheria za ibada zilizochongwa kwenye mawe, kama zile ndefu za Kyrene, mji wa Kigiriki uliokuwa katika nchi ambayo leo ni Libya.

Pamoja na wingi huo, mnyororo wa mapokeo ulikatika. Katika karne ya 15 mwanafalsafa Gemistos Plethon wa Mistra aliandika kitabu cha sheria kilichoirudisha miungu hiyo kwa namna yake, na baada ya kifo chake Patriaki Gennadios alikichoma moto. Vikundi vya leo vilizuka upya katika nusu ya pili ya karne ya 20. Atakayekuambia kwamba amerithi siri za ukoo zisizokatika tangu enzi za Perikles, kiongozi wa Athene wa karne ya 5 KK, msikilize kwa adabu, lakini usimpe pesa. Vilevile, maelekezo mengi yanayozagaa mtandaoni yamechanganywa na uchawi wa kisasa wa Ulaya: duara za chumvi, karata za kupiga ramli, sikukuu nane za mwaka ambazo Mwathene yeyote angezishangaa. Kiraka hakikwepeki, kwa kuwa nguo yenyewe imetufikia ikiwa imechanika. Muhimu ni kujua umekishona wapi.

Katika hatua hii hii utakutana na swali la nasaba: je, asiye Mgiriki anaruhusiwa? Yapo makundi yanayoifanya dini hii kuwa suala la damu, na ningependa msomaji akae nayo mbali. Ibada za siri za Eleusis ziliwapokea wanaume, wanawake na hata watumwa, mradi wawe wanaelewa Kigiriki na mikono yao isiwe na damu ya mtu. Waathene wenyewe walimpokea Bendis, mungu wa kike wa Wathrakia, wakamfanyia sikukuu katika bandari yao ya Piraeus. Na katika kitabu cha kwanza cha Iliad, utenzi wa Homer, Zeus mkuu wa miungu hapatikani nyumbani kwa sababu amekwenda na miungu mingine yote kula karamu kwa Waethiopia, watu wasio na lawama.

Hatua ya pili: Tenga mahali

Nyumba ya Mwathene ilikuwa na miungu kila pembe. Mlangoni alikuwapo Apollo Agyieus katika umbo la nguzo iliyochongoka, pamoja na Hermes, na Hekate, mungu wa kike wa njia panda. Uani palikuwa na madhabahu ya Zeus Herkeios, mlinzi wa ua. Ghalani alikuwapo Zeus Ktesios, mlinzi wa mali. Na katikati ya yote paliwaka moto wa Hestia, mungu wa kike wa meko. Jambo hili lilichukuliwa kwa uzito kiasi kwamba mtu aliyechaguliwa kuwa mmoja wa watawala wa Athene aliulizwa hadharani, kabla ya kushika wadhifa, kama anaye Apollo wa mababu na Zeus wa ua, na madhabahu zao ziko wapi.

Wewe hutaulizwa, na huenda unaishi katika chumba cha kupanga. Rafu moja inatosha, au sinia unaloweza kulitoa na kulirudisha kabatini. Juu yake weka taa ya mafuta au mshumaa, chetezo, bakuli la maji, kikombe kisichotumika kwa kingine, na sahani ya udongo isiyoshika moto ya kupokelea sadaka. Sanamu si lazima. Hestia, anayetangulia kupewa kuliko wote, ni nadra kuonyeshwa kwa sanamu hata zamani, kwa kuwa moto wenyewe ulitosha kumwakilisha. Biashara ya vinyago vya miungu imekua sana, na anayeanza hutumia fedha zake zote huko kisha akakosa za ubani.

Ukiwa na nafasi ya kitu kimoja tu zaidi, tengeneza mtungi wa Zeus Ktesios, kwa sababu ni miongoni mwa vyombo vichache vya nyumbani ambavyo maelekezo yake ya kale yametufikia. Yamo katika nukuu aliyoihifadhi Athenaios, mwandishi aliyeishi karibu mwaka 200 BK. Chukua mtungi mdogo mpya wenye mikono miwili na kifuniko. Zungushia mikono yake sufu nyeupe. Yafuata maneno kuhusu bega la kulia, paji la uso na kitu cha rangi ya zafarani, ambayo yameharibika katika nakala, kwa hiyo wengi leo hufunga uzi wa manjano na kuliandika hilo katika upande wa pili wa daftari. Ndani mimina maji safi na mafuta ya zeituni, kisha tia matunda na nafaka za kila namna. Funika, uweke unapohifadhi chakula. Desturi ya kuumwaga na kuujaza upya kila mwezi unapoandama ni ya wafuasi wa sasa, nayo ni ya busara, maana mchanganyiko huo ukikaa wiki sita katika nchi ya joto jirani hatauliza maswali ya kidini atakapokuja kulalamika.

Hatua ya tatu: Jitakase

Kuna hali ambazo Wagiriki walisema zinamtia mtu unajisi: kufiwa, kuzaa au kuwa katika nyumba iliyozaa, kumwaga damu ya mtu, na katika maeneo mengi tendo la ndoa kabla ya kuoga. Unajisi huu haukuwa dhambi. Aliyemzika mzazi wake alikuwa ametimiza wajibu mkubwa, na bado alisubiri siku kadhaa kabla ya kuingia mahali patakatifu, na idadi ya siku ilitofautiana kutoka hekalu hadi hekalu. Kwa ibada ya nyumbani, oga, vaa nguo safi, na baada ya msiba au uzazi pumzika kwa muda utakaoupanga mapema na kuuandika, ili usije ukaupunguza kwa sababu ya haraka.

Hesiod alionya kwamba asimiminiwe Zeus divai alfajiri kwa mikono isiyonawiwa, kwani miungu haitasikia. Maji ya kunawia yaliandaliwa hivi: mimina maji safi katika bakuli, ikiwezekana ya chemchemi au ya bahari, washa kijiti kikavu au jani la mlaureli kwenye moto wa madhabahu, kiache kishike vizuri, kisha kitumbukize majini kiangali kinawaka. Utasikia sauti fupi ya moto kuzimika, na moshi mwembamba utainuka. Nawa mikono kwa maji hayo, gusa uso ukitaka, halafu nyunyizia matone mahali pa ibada na watu waliohudhuria. Maji yanayobaki hayanywewi wala hayahifadhiwi kwa kesho, yamwage nje.

Mlangoni mwa hekalu la Asklepios, mungu wa tiba, huko Epidauros paliandikwa kwamba anayeingia awe safi, na kwamba usafi ni kuwaza yaliyo matakatifu. Aliyeandika hivyo hakuondoa mabakuli ya maji.

Hatua ya nne: Ibada fupi ya kila siku

Hesiod anashauri kuitafuta radhi ya miungu kwa vinywaji na ubani wakati wa kulala na nuru inapochomoza, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Socrates, kwa mujibu wa Xenophon, alipenda sana maneno hayo ya mwisho, akasema miungu isingekuwa na haki kama ingefurahia sadaka kubwa kuliko ndogo. Chagua basi wakati mmoja, asubuhi au jioni, ambao unajua utaushika hata siku za kazi nyingi. Dakika 10 zinatosha.

Ukishajitakasa, simama mbele ya taa uiwashe. Tawanya punje chache za shayiri kwenye sahani au mbele ya madhabahu, kama walivyofanya wahusika wa Homer kabla ya dhabihu. Mtaje Hestia kwanza na umpe tone la kinywaji au chembe ya ubani. Utenzi wake mmoja unasema kwamba bila yeye hakuna karamu kwa wanadamu, na kwamba yeye humiminiwa mwanzo na mwisho. Kisha weka ubani kwenye kaa la moto, mwite mungu unayemkusudia, sema dua yako kwa sauti, na umimine kinywaji. Funga kwa kumrudia Hestia, halafu zima taa.

Kumimina kuna adabu yake. Kwa miungu ya Olympos mimina sehemu ya kikombe kwanza, kisha kinachobaki kinywe wewe au mgawane, kwa maana mnashiriki kinywaji kimoja. Divai huchanganywa na maji, kwani Wagiriki waliona kunywa divai isiyotiwa maji ni ushenzi. Je, asiyekunywa pombe afanye nini? Hahitaji ruhusa ya mtu wa leo, kwa sababu ibada zisizo na divai zilikuwapo tangu zamani: katika tamthilia ya Sophocles kuhusu Oedipus huko Kolonos, miungu ya kike ya mahali pale inamiminiwa maji na asali, na divai inakatazwa kabisa. Maziwa, asali na maji ni sadaka kamili. Kinachomiminwa ndani kipokewe na sahani, halafu kikamwagwe kwenye udongo au chini ya mti, si katika sinki la vyombo.

Kuhusu ubani, msomaji wa Afrika Mashariki yuko katika nafasi nzuri kuliko mwenzake wa Ulaya anayeuagiza kwa posta. Ubani na manemane ambavyo Wagiriki walivifukiza vilitoka kusini mwa Arabia na Pembe ya Afrika, na Mgiriki mmoja wa karne ya 1 BK aliyeandika mwongozo wa safari za Bahari ya Hindi alizitaja bandari hizo za ubani kabla ya kuendelea kusini hadi Rhapta, katika pwani ambayo leo ni ya Tanzania. Ule ule unaouzwa kwa kipimo madukani Mombasa au Unguja ndio. Katika tenzi za Orpheus, Hermes hufukiziwa ubani, Poseidon manemane, Apollo ubani wa unga. Udi uliotiwa manukato ya kiwandani una harufu nzuri, lakini uandike upande wa pili wa daftari.

Kuhusu nyama: kiini cha ibada ya hadhara ya kale kilikuwa kuchinja mnyama na kugawana nyama, na haifai kulificha hilo. Wafuasi wengi wa sasa hawachinji, nao hawakosi mtangulizi, kwani wafuasi wa Pythagoras walisifika kwa kuikataa damu, na keki za asali, matunda na nafaka zilitolewa kila siku na watu wasioweza kumudu hata mbuzi. Anza na mkate na matunda. Sijaona sababu ya mtu anayeanza peke yake, bila wa kumfundisha, kushika kisu.

Hatua ya tano: Jifunze kuunda dua

Wagiriki walisali wakiwa wamesimama, mikono imeinuliwa na viganja vimeelekea juu; kwa miungu ya chini ya ardhi viganja vilielekezwa ardhini, na kwa ile ya bahari vikaelekezwa baharini. Walisali kwa sauti. Mtu aliyesali kimyakimya alishukiwa kwamba anaomba jambo ambalo asingependa wenzake walisikie.

Dua yao ilikuwa na sehemu tatu, na mfano bora ni wa kuhani Chryses mwanzoni mwa Iliad. Kwanza anamwita Apollo kwa sifa yake ya upinde wa fedha na kwa miji anayoilinda. Pili anamkumbusha hekalu alilomwezekea na mapaja ya ng'ombe na mbuzi aliyomchomea. Tatu ndipo anapoomba, kwa sentensi moja, kwamba Wadanai, yaani Wagiriki, walipie machozi yake kwa mishale ya mungu huyo. Hakuna kujidhalilisha, hakuna maelezo marefu ya shida. Uhusiano wenyewe ni wa hisani zinazokwenda na kurudi, na anayeomba bila kukumbusha chochote anatarajiwa angalau aahidi.

Lugha yoyote yafaa. Kama unakijua Kigiriki cha kale, soma tenzi katika lugha yake, lakini dua ya maneno yako iwe katika lugha unayoiota. Mtu anayejiandaa kwa safari ya kibiashara anaweza kusema hivi:

"Nisikilize, Hermes, mwana wa Zeus na Maia, uliyezaliwa katika pango la mlima Kyllene, mjumbe mwepesi, mlinzi wa njia na wa wanaouza na kununua, au kwa jina lolote unalopenda kuitwa. Ikiwa ubani niliokufukizia siku ya nne ya mwezi huu ulikupendeza, uwe nami kesho barabarani. Nifike salama, nikutane na watu wa kweli, nirudi na nilichokifuata. Nikirudi, nitakumiminia mbele ya mlango wangu."

Siku ya nne haikuwekwa pale kwa pambo. Utenzi wake unasema ndiyo siku aliyozaliwa. Undani wa namna hiyo ndio unaoitofautisha dua ya Kigiriki na ombi la jumla linaloweza kupelekwa kwa mungu yeyote.

Hatua ya sita: Fuata mwezi

Kila mji ulikuwa na kalenda yake, lakini wengi leo hufuata ya Athene kwa sababu ndiyo iliyohifadhiwa vizuri zaidi. Ni kalenda ya mwezi wa angani. Siku huanza jua linapotua, na mwezi huanza hilali inapoonekana magharibi. Msomaji aliyekulia pwani, anayejua watu wanavyopanda juu ya paa kuutafuta mwezi wa Ramadhani, hahitaji kufundishwa hatua hii. Anahitaji tu majina. Mwaka huanza mwezi unapoandama kwa mara ya kwanza baada ya siku ndefu kuliko zote kaskazini mwa dunia, ile ya mwishoni mwa Juni, na mwezi huo wa kwanza huitwa Hekatombaion. Kwa kuwa miezi 12 ya hilali haifikii mwaka wa jua, mara kwa mara huongezwa mwezi wa 13.

Ndani ya kila mwezi, shika kwanza siku tatu tu: ya mwisho, ya kwanza na ya pili. Siku ya mwisho ni ya Hekate. Nyumba husafishwa, madeni hulipwa, na chakula hupelekwa njia panda. Aristophanes, mtunzi wa tamthilia za kuchekesha, anataja kwamba maskini walikuwa wakikichukua mara tu kilipowekwa. Kwetu nashauri chakula hicho kipelekwe moja kwa moja kwa anayekihitaji, kwa kuwa mayai na vitunguu saumu vilivyowekwa njia panda usiku, katika mtaa wowote wa Afrika Mashariki, vitasomwa kuwa ni uchawi, na atakayepata taabu asubuhi huenda si wewe bali bibi kizee asiye na hatia anayeishi jirani. Siku ya kwanza, Noumenia, ni ya furaha: maua mapya, ubani kwa miungu yote ya nyumba, mtungi wa Zeus Ktesios ujazwe. Ya pili ni ya Agathos Daimon, roho njema ya nyumba, ambaye pia alimiminiwa divai kidogo isiyotiwa maji baada ya chakula. Ukishazizoea hizo, ongeza ya 3 kwa Athena, ya 4 kwa Hermes na Aphrodite, ya 6 kwa Artemis, ya 7 kwa Apollo na ya 8 kwa Poseidon.

Sikukuu kubwa za mwaka ziingize moja moja. Panathenaia, ya Athena, ilifikia kilele chake tarehe 28 Hekatombaion. Anthesteria, ya divai mpya na ya wafu, ni tarehe 11 hadi 13 Anthesterion, karibu na Februari. Pyanopsia, ya Apollo, ni tarehe 7 Pyanepsion, na chakula chake ni chungu cha mikunde na nafaka zilizochemshwa pamoja. Makande yatafaa, ingawa mahindi yalitoka Amerika na Apollo hakuyajua. Katika mwezi huo huo, karibu na Oktoba, Demeter, mungu wa kike wa nafaka, aliombwa kabla ya kulima na kupanda. Aliye Ikweta atagundua kwamba majira mengi ya kalenda hii hayamhusu, kwani haoni baridi ya Januari wala mavuno ya Mei ya Attika, eneo la Athene. Lakini hili la Demeter linaangukia mvua za vuli, na mkulima wa Kilimanjaro au wa Pwani anaweza kuliadhimisha bila kujikaza. Kwa mengine, afadhali kushika tarehe za Athene kama zilivyo kuliko kugeuza kalenda nzima kwa makisio.

Hatua ya saba: Wafu

Hapa taratibu hubadilika. Kinachotolewa kwa wafu na kwa miungu ya chini humwagwa chote ardhini, hakionjwi. Odysseus, shujaa wa utenzi wa Homer uitwao Odyssey, akizuru mpaka wa kuzimu, alichimba shimo la dhiraa moja kila upande, akamimina maziwa yaliyochanganywa na asali, kisha divai tamu, kisha maji, akanyunyizia unga mweupe wa shayiri juu yake. Ukiacha kondoo waliofuata, hayo yote yanawezekana kaburini kwa mzazi wako au uani. Athene iliwakumbuka wazazi waliofariki tarehe 5 Boedromion. Kama familia yako ina desturi zake za kuzuru makaburi, shiriki nazo kwa heshima kabla ya kuongeza za kwako, na usizifanye za kwako mbele ya shangazi anayelia.

Watu, wageni na safari ya Ugiriki

Zeus ana jina la Xenios kwa sababu mgeni ni wake. Kumpokea mtu, kumpa maji na chakula kabla ya kumuuliza jina lake na shida yake, katika Odyssey ni tendo la ibada kamili, na anayefukiza ubani kila asubuhi huku akiwafukuza watu mlangoni hajaanza bado. Wasemao mgeni njoo mwenyeji apone hawatapata shida katika somo hili.

Si lazima ujiunge na kundi, lakini kuyajua kunasaidia. Huko Ugiriki baraza linalojulikana kwa kifupisho cha YSEE liliundwa mwaka 1997, na mwaka 2017 serikali iliitambua dini hiyo kuwa miongoni mwa dini zinazojulikana kisheria, katika nchi ambayo katiba yake inalitaja Kanisa la Kiorthodoksi kuwa ndiyo dini iliyotawala. Marekani kuna Hellenion, iliyoanzishwa mwaka 2001. Kundi jingine la Athene, Ellinais, lilifanya ibada katika hekalu la Zeus wa Olympos mwezi Januari 2007, jambo lililozua mabishano na mamlaka zinazosimamia magofu.

Ukibahatika kusafiri hadi Delphi au Olympia, usiwashe chochote, usimwage divai kwenye mawe, wala usiache matunda juu ya msingi wa madhabahu. Walinzi watakuzuia, na mawe hayo yanaharibika. Simama, inua mikono kidogo, sema utenzi mfupi kwa sauti ya chini, na sadaka yako uimimine baadaye nje ya uzio, chini ya mzeituni. Kumbuka pia kwamba katiba ya nchi hiyo inakataza kushawishi watu wabadili dini, basi usigeuze ziara kuwa mahubiri.

Mwisho, nadhiri

Nimeiacha hadi hapa kwa sababu wanaoanza huikimbilia mapema mno. Nadhiri ni ahadi yenye masharti: ukinipa hiki, nitakupa kile. Maelfu ya vibao na sanamu ndogo zilizochimbuliwa Ugiriki ni malipo ya nadhiri hizo, na nyingi zimechongwa jina la aliyelipa. Usiweke nadhiri katika mwaka wa kwanza. Utakapoiweka, iandike katika daftari siku hiyo hiyo, kwa maneno uliyoyatamka, pamoja na tarehe ya mwezi mwandamo. Taja kitu unachoweza kukinunua kwa mshahara ulio nao sasa, si kwa ule unaouomba. Jambo likitimia, lipa kabla ya siku ya mwisho ya mwezi huo, na kama uliahidi asali usilipe kwa sukari. Siku ulizokosa ibada za kawaida hazina deni: subiri mwezi uandame, safisha rafu, jaza mtungi, uendelee. Nadhiri hailipwi kwa namna hiyo; hiyo inabaki kwenye ukurasa wake mpaka utakapoifuta kwa kuitimiza.